Kiungo Hapimwi kwa Wingi wa Pasi

Marehemu baba yangu hakuwahi kuketi uwanjani kumtazama Joe Kadenge akisakata kabumbu. Alimjua kwa masikio tu. Redio ya betri iliwekwa juu ya meza ya mbao, majirani wakaja na viti vyao, na mara sauti ya mtangazaji ikapaa: "Kadenge na mpira!" Hapo kila mtu alinyamaza. Maneno hayo matatu yaliingia katika usemi wa Wakenya yakakaa, hata watu waliozaliwa baada ya Kadenge kutundika daluga wakawa wanayatumia kumsifu yeyote aliyelishika jambo akalimudu. Mwanasoka mwenyewe aliiaga dunia mwaka 2019, lakini usemi huo ungali hai.

Nimekuwa mwalimu wa hisabati na msimamizi wa timu ya kandanda ya shule kwa miaka mingi hapa Nakuru, na nimekuja kutambua kwamba maneno yale yalikuwa takwimu. Yalijibu swali moja lililo wazi: mpira uko kwa nani? Hayakusema Kadenge ameushika kwa sekunde ngapi wala ametoa pasi ngapi. Swali lilikuwa moja, na jibu lake lilikuwa moja.

Leo mambo yamegeuka. Ingia Jumamosi jioni katika ukumbi wowote wa kutazamia mechi, uwe Kaptembwo, Bondeni au Free Area, kisha usikilize vijana wetu wanavyobishana. Hawabishani tena kuhusu chenga na makombora pekee. Mmoja atakwambia kwamba kiungo fulani ametoa pasi 90 na kwamba 85 kati ya hizo zimemfikia mwenzake. Wa pili atamrukia kwa asilimia za umiliki wa mpira. Wa tatu ataitoa simu mfukoni na kuamua kesi. Nami huwatazama kwa furaha, maana hawa ndio wanafunzi wale wale ambao darasani hunung'unika nikitaja wastani na uwiano. Kumbe hesabu hawaichukii. Wanachokichukia ni hesabu isiyo na mpira ndani yake.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, furaha yangu ina doa. Nina kisa ambacho kwa muda mrefu sikuthubutu kukiandika, kwa sababu mwenye kosa katika kisa hicho ni mimi.

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya mseto ya kutwa iliyo viungani mwa Nakuru. Uwanja wetu ulikuwa wa mavumbi, na upepo ulipovuma kutoka upande wa Menengai, kipa alilazimika kufumba macho hata kabla ya mpira kumfikia. Timu yetu ilikuwa imefuzu kushiriki mashindano ya kaunti kwa mara ya kwanza. Kanuni ziliruhusu wachezaji 18, nami nilikuwa na 19. Isitoshe, mfadhili mmoja alikuwa ameahidi kulipa karo ya muhula wa tatu ya kila mchezaji atakayekuwamo katika orodha ile. Kwa hivyo mchezaji atakayeachwa angekosa safari, na karo pia.

Niliona ni haki nisiamue kwa mapenzi bali kwa hesabu. Katika mechi tatu za mwisho nilimkabidhi msichana mmoja wa kidato cha tatu daftari la mistari na penseli, nikamwagiza aandike pasi zote za viungo wetu. Kila pasi iliyomfikia mwenzake ilitiwa alama moja, na kila iliyopotea ikatiwa alama nyingine. Baada ya mechi ya tatu nikakaa na daftari lile chini ya taa nikajumlisha. Mvulana aliyevaa jezi nambari 8 alikuwa amejaribu pasi 120, na 108 zilifika, yaani asilimia 90. Aliyevaa nambari 6 alikuwa amejaribu 75 tu, na zilizofika ni 48, yaani asilimia 64. Sikuona haja ya kutafakari zaidi. Nilikata jina la nambari 6.

Alipokuja ofisini kuniuliza sababu, nilimwonyesha daftari. "Tazama mwenyewe, mwanangu," nikamwambia, "si mimi niliyekuacha, ni hesabu." Alilitazama lile daftari kwa muda, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka.

Tutakirudia kisa hiki. Kwanza niruhusu nieleze kosa langu lilikotoka, kwa maana si langu pekee. Lina babu zake, na baadhi yao ni watu mashuhuri.

Mtu ambaye historia humtaja sana katika kuhesabu pasi ni Mwingereza aliyeitwa Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 18 Machi 1950 alikuwa akitazama timu ya Swindon Town ikicheza na Bristol Rovers. Akachoshwa na mashambulizi yasiyozaa matunda, akatoa penseli na daftari na kuanza kuandika kila tukio. Hakuacha tena. Aliandika mechi kwa mamia, na mwaka 1968 yeye na mwanatakwimu Bernard Benjamin wakachapisha makala ya kitaalamu kuhusu ustadi na bahati katika kandanda. Reep aligundua kwamba takriban asilimia 80 ya mabao yalitokana na mifululizo ya pasi tatu au chini ya tatu. Basi akahitimisha kwamba pasi nyingi ni upotezaji wa wakati. Mpira na upigwe mbele haraka. Wakufunzi wengi wa Uingereza waliisadiki hoja hiyo, na kwa miaka mingi viungo wao wakawa watu wa kuutazama mpira ukipita juu ya vichwa vyao.

Mwanafunzi mwangalifu na alione kosa hapo. Reep alihesabu mabao, lakini hakuyapima vya kutosha dhidi ya jumla ya mashambulizi. Katika daftari zake mwenyewe, zaidi ya asilimia 90 ya mifululizo yote ya pasi ilikuwa mifupi, ya pasi tatu au pungufu. Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Tuseme katika shule fulani wanafunzi 90 kati ya 100 huja kwa miguu, na waliobaki huja kwa matatu. Mtihani unapotoka, tunakuta kwamba kati ya kila wanafunzi 100 waliofaulu, 80 ni wale wanaotembea. Je, tutawaamuru wote watembee ili wafaulu? La hasha! Watembeao ni 90 katika kila mia, lakini miongoni mwa waliofaulu ni 80 tu, wamepungua. Waliopanda matatu ni 10 katika kila mia, lakini miongoni mwa waliofaulu wamekuwa 20, wameongezeka maradufu. Hesabu ile ile iliyotumiwa kuzilaumu pasi nyingi, ukiisoma vizuri, inazitetea.

Reep hakukosea kujumlisha. Alikosea kuuliza. Alijua mabao yametoka wapi, lakini hakuuliza mashambulizi ya kila aina yalikuwa mangapi.

Tukija kwenye umiliki wa mpira, mambo yana mtego mwingine. Watu wengi hudhani kwamba ile asilimia inayoonyeshwa kwenye runinga hupatikana kwa saa, kwamba kuna mtu anayebonyeza kitufe kila mpira unapobadilisha miguu. Zamani ilikuwa hivyo mara nyingi. Lakini kampuni ya Opta, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1996 na ambayo takwimu zake husambaa duniani kote, imezoea kuhesabu pasi za kila timu na kuzigawa kwa jumla ya pasi za timu zote mbili. Timu ikitoa pasi 600 na nyingine 200, ya kwanza huandikiwa asilimia 75. Sasa fikiria kiungo anayeshika mpira, akawapiga chenga watu watatu na kukimbia nao nusu ya uwanja. Kwa saa, huo ni umiliki. Kwa hesabu ya pasi, hajafanya lolote. Mabeki wawili wanaorudishiana mpira mbele ya lango lao, huku wapinzani wakiwasubiri kwa mbali, ndio watakaoandikiwa sifa. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lilijaribu kuurekebisha mtego huu katika Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar, likaongeza fungu la tatu la mpira unaogombewa, ambao bado si wa timu yoyote. Kwa wengi wetu hilo lilikuwa jambo jipya, ingawa mtu yeyote aliyewahi kucheza katikati ya uwanja anajua kwamba hapo kwenye mpira usio na mwenyewe ndipo kiungo anapolipia chakula chake.

Hakuna nchi iliyotufundisha uzuri na udanganyifu wa takwimu hizi kama Uhispania. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2012 walitwaa Kombe la Ulaya, Kombe la Dunia, kisha Kombe la Ulaya tena, na uti wa mgongo wao ulikuwa viungo wafupi wa kimo, Xavi Hernández na Andrés Iniesta, ambao hawakuuachia mpira. Lakini tazama fainali ya 2012 jijini Kyiv, walipoifunga Italia mabao 4-0. Tunayokumbuka hasa kuhusu Xavi usiku ule ni zile pasi mbili zilizopasua ngome ya Italia, moja ikamkuta Jordi Alba na nyingine ikamkuta Fernando Torres, nao wote wawili wakafunga. Pasi zake nyingine zote zilikuwa za kuandaa wakati wa hizo mbili. Zilimvuta mpinzani, zikamchosha, zikamfungua.

Miaka ikapita. Pasi zikabaki lakini nia ikapungua. Tarehe 1 Julai 2018, jijini Moscow, Uhispania ilitoa zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya Urusi. Mechi ikaisha 1-1, na Urusi ikashinda kwa penalti. Nchini Qatar, tarehe 1 Desemba 2022, Japani iliifunga Uhispania hiyo hiyo 2-1 huku ikiwa na mpira kwa asilimia 17.7 tu, kiwango cha chini kuliko cha mshindi yeyote aliyewahi kuandikwa katika Kombe la Dunia. Bao la ushindi lilifungwa na kiungo, Ao Tanaka, aliyefika mbele ya lango wakati ambapo Wahispania wengi walidhani mpira umeshatoka nje. Siku tano baadaye, Morocco ikawaacha Wahispania wacheze na mpira kwa dakika 120 bila bao, kisha ikawatoa kwa penalti 3-0. Kwa mujibu wa daftari la pasi, Uhispania ilikuwa bora katika mechi zote tatu.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, katika uwanja wa Celtic Park jijini Glasgow, kijana wetu Victor Wanyama, wakati huo akiwa na umri wa miaka 21, aliwakabili Barcelona wa Xavi, Iniesta na Lionel Messi. Barcelona waliumiliki mpira kwa zaidi ya asilimia 80. Ukimpima Wanyama kwa pasi za usiku ule, ukamweka kando ya Xavi, utasema kiungo wa Kenya alikuwa mtazamaji. Lakini katika dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, Wanyama akaruka na kuutia wavuni kwa kichwa, akawa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akarudisha moja mwishoni, na Celtic wakashinda 2-1. Kazi kubwa ya Wanyama usiku ule haikuwa kugawa mipira. Ilikuwa kusimama mahali ambapo mpira ulitaka kupita, na kuuzuia usipite. Mahali penyewe palikuwa pamezibwa, kwa hivyo Barcelona walilazimika kupeleka mpira pembeni, wakaurudisha, wakaupeleka tena. Nani atatia alama daftarini kwa pasi ambayo adui hakuthubutu kuitoa?

Hapa ndipo ninapoistaajabia lugha yetu. Kiswahili kimemwita mchezaji wa katikati *kiungo*. Neno hilo tunalitumia kwa goti na kiwiko, mahali ambapo mfupa mmoja hukutana na mwingine. Tunalitumia pia jikoni, kwa iliki, bizari na mdalasini. Hakuna mpishi anayesifiwa kwa kilo za mdalasini alizotia kwenye pilau. Anasifiwa kwa pilau. Wala hakuna anayeliona goti mpaka siku litakapouma. Wazee walioliteua jina hili, au vijana wa vijiweni waliolizua, walikuwa wameshaijibu hoja ya asilimia kabla haijazuka: thamani ya kiungo iko katika vile anavyoviunganisha.

Sasa nirudi kwenye kisa changu.

Tulikwenda mashindano ya kaunti bila nambari 6. Katika mechi ya kwanza tulifungwa mabao matatu kwa nunge. Nambari 8 alicheza kama kawaida yake, akapokea na kurudisha, akapokea na kupeleka kando, na pasi zake karibu zote zilifika. Lakini wapinzani walipita katikati yetu kama watu waingiao katika boma lisilo na mlango. Tulirejea nyumbani ndani ya basi la kukodi, na hakuna aliyeimba.

Siku iliyofuata yule msichana wa daftari alinijia. Alikuwa mtoto mpole, na nilimwona akihangaika namna ya kuanza. "Mwalimu," akasema hatimaye, "samahani, lakini ulihesabu alama tu. Hukuisoma mishale."

"Mishale gani?"

Akalifungua daftari. Kando ya kila alama, kwa penseli hafifu, alikuwa amechora mshale mdogo kuonyesha pasi imekwenda upande gani: mbele, nyuma au kando. Na kila mara mmoja wa viungo wetu alipompokonya adui mpira, alikuwa ametia duara. Sikuwa nimemwagiza hayo. Aliyafanya kwa sababu aliona kwamba alama tupu hazikusema alichokuwa akikiona uwanjani. Tukaketi, tukahesabu upya. Kati ya pasi 108 za nambari 8 zilizofika, 81 zilikwenda nyuma au kando, na 27 tu zilikwenda mbele. Kati ya pasi 48 za nambari 6, zilizokwenda mbele zilikuwa 33. Maduara ya nambari 8 yalikuwa saba. Ya nambari 6 yalikuwa 29.

Pasi zake zilipotea zaidi kwa sababu zilikuwa pasi ngumu. Aupelekaye mpira mbele, baina ya adui wawili, atapoteza mingi. Aurudishaye kwa beki wake hapotezi kitu, na mara nyingi haleti kitu. Nambari 6 alikuwa akinunua mabao yetu kwa asilimia zake mwenyewe, nami nikamhukumu kwa bei aliyolipa bila kuangalia mali aliyoleta. Na ushahidi wote ulikuwa mkononi mwangu, katika daftari lile lile, usiku ule chini ya taa. Kilichokosekana ni mimi kuuliza.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa kijana yule hakuonekana. Karo ilikuwa imemshinda mama yake. Baada ya wiki tatu walimu tulichanga, tukamtuma mmoja wetu akamlete, akarudi na kukaa dawati la nyuma. Nilimwita nikamwomba radhi, nikamwonyesha mishale. Akaitazama kama alivyozitazama zile alama za kwanza, kimya, kisha akasema, "Asante, Mwalimu." Alimaliza shule, akafaulu kwa kiasi chake. Jezi nambari 6 hakuivaa tena. Nilimsihi mara mbili, akanijibu kwa adabu kwamba anasoma.

Wapo watakaosema: basi tuache hesabu, turudi kwenye macho ya mkufunzi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Macho ya mkufunzi yana upendeleo wake. Humwona mtoto wa rafiki, humwona mwenye sauti kubwa, humwona mfungaji. Katika kaunti hii yetu tunazijua faida za kipimo cha haki. Faith Kipyegon wa Keringet hakuhitaji mtu wa kumpigia debe. Tarehe 5 Julai 2025, huko Eugene nchini Marekani, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, akaivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia, na ubishi wote ukaisha. Saa ya mbio hujibu swali moja tu, nani amefika mapema, na swali lenyewe ndilo mchezo wote. Kiungo hana bahati hiyo. Mchezo wake una maswali mengi, na kila takwimu hujibu moja tu. Tukimpima kwa takwimu moja tunamfanyia kama tulivyofanya mimi na Reep.

Aidha, kutoandika kabisa ni dhuluma ya aina nyingine. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ligi ya taifa ya Kenya ilipochezwa kwa mara ya kwanza, bingwa alitoka hapa: Nakuru All-Stars. Mwaka 1969 wakatwaa tena. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyoufanya uwanja wa Afraha kuwa ngome yake kwa miaka mingi, ilishinda ligi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Ubingwa umeandikwa, na majina ya wafungaji yanatajwa vibarazani. Lakini muulize mwanafunzi wa leo ni nani aliyekuwa akipokonya mipira katikati na kuipeleka mbele, naye atakutazama tu. Wafungaji hukumbukwa kwa mabao. Viungo wasipoandikiwa, hufa mara mbili.

Na tusidhani kwamba mafunzo haya ni ya Ulaya pekee. Tarehe 10 Agosti 2025, katika uwanja wa Kasarani, Harambee Stars ya mkufunzi Benni McCarthy ilikutana na Morocco katika mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ryan Ogam alifunga katika dakika ya 42, na kabla ya mapumziko mmoja wetu akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili tulicheza watu kumi dhidi ya timu ambayo baadaye ndiyo iliyotwaa kombe hilo. Tukashinda 1-0. Nilikuwa nimeketi na wanafunzi wangu mbele ya runinga, na mmoja wao akauliza: "Mwalimu, hawa wetu mbona hawana mpira lakini hawana wasiwasi?" Lile ndilo swali. Lingekuwa langu mwaka 2016, kuna kijana angelipiwa karo.

Kwa walimu wenzangu, basi, nina ombi dogo, lisilohitaji kompyuta wala bajeti ya wizara. Nunueni daftari. Gawanyeni picha ya uwanja katika sehemu tatu: ya kwetu, ya kati na ya adui. Mpeni kila mwanafunzi mchezaji mmoja tu wa kumfuatilia, kwa maana jicho moja haliwezi kuwafuata wachezaji 22. Aandike pasi imeanzia wapi, imeishia wapi, imefika au imepotea; aandike mpira uliopokonywa na mahali ulipopokonywa; na baada ya kila pasi aandike kilichofuata. Mwalimu wa hisabati atapata humo wastani, asilimia na uwiano kwa muhula mzima. Mwalimu wa Kiswahili atapata insha. Mkabidhini daftari hasa yule mwanafunzi mkimya aketiye mbali na kelele, kwa kuwa yeye ndiye atakayechora mishale bila kuambiwa.

Kwa wanafunzi nasema hivi: mtu akikuletea asilimia, ya pasi au ya mtihani au ya kura, usimkatalie wala usimkubalie upesi. Muulize, asilimia ya nini? Kati ya ngapi? Na ni kitu gani ambacho hukukihesabu?

Daftari lile la 2016 bado ninalo. Penseli imefifia, lakini mishale inasomeka. Kila mwaka ninapoanza daftari jipya, naliacha ukurasa wa kwanza bila jedwali lolote, na juu yake naandika swali tunalotaka kulijibu msimu ule. Mwaka huu nilimwachia mwanafunzi aliandike yeye. Aliandika kwa herufi kubwa: "Nani anawafanya wenzake wacheze vizuri?"

Hatujapata bado namna ya kulihesabu hilo. Tumeanza kwa mishale.